Kulima Palipokuwa na Biwi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kona iliyokuwa ikichomewa majani na matawi huvutia sana kuilima. Ina jua, haina visiki, na weusi wake humfanya mtu aamini kuwa rutuba imeshajaa. Haya ni maswali yanayoulizwa zaidi na watu wanaotaka kupageuza mahali pa namna hiyo kuwa tuta la mboga au maua. Ukiwa na nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma la pili.

Je, mahali pa biwi panaweza kweli kuwa tuta zuri?

Panaweza, na mara nyingi panakuwa. Lakini si kwa kurusha mbegu juu ya majivu na kungoja mvua. Moto unaowashwa mahali pamoja kwa muda mrefu huacha mambo matatu: majivu mengi mno yenye alkali na chumvi, udongo ulioungua hadi ukapoteza mboji na umbo lake, na ardhi iliyopungukiwa na viumbe wadogo wanaoilisha mimea. Yote matatu yanatibika kwa koleo, mboji na subira. La nne halipo kila mahali, nalo ni sumu iliyoachwa na vitu vilivyochomwa. Hilo ndilo linaloweza kukufanya uache kabisa wazo la kupanda chakula hapo.

Nianze na nini?

Anza kwa kujua kilichochomwa. Kabla ya jembe na kabla ya kipimo chochote, mtafute aliyekuwa akichoma, muulize jirani wa muda mrefu, muulize aliyekuuzia au aliyekupangisha. Usiulize tu kama walikuwa wakichoma taka, kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo na hutakuwa umejua chochote. Taja kitu kimoja kimoja: mbao za ujenzi, milango iliyopakwa rangi, mifuko ya plastiki, matairi, nyaya, betri, makopo ya dawa za wadudu.

Kama ni matawi, majani, magugu, mabua na karatasi za kawaida, huna la kuhofia zaidi ya majivu yenyewe. Kama palichomwa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, hali inabadilika. Dawa iliyotumika sana kwa miongo mingi ilikuwa mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki. Moto hauteketezi metali: unaunguza mti na kuziacha metali zimekolea ndani ya majivu. Nchini Marekani mbao za aina hiyo ziliondolewa kwenye matumizi ya kawaida ya nyumbani mwishoni mwa 2003, lakini nguzo, nyua na varanda za zamani bado zinabomolewa na kuishia motoni. Rangi za zamani nazo zilikuwa na risasi, metali nzito yenye sumu. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978, na katika nchi kadhaa marufuku hiyo ilikuja baadaye sana.

Plastiki inahitaji maneno zaidi. Ile ya mabomba na ya maganda ya nyaya, yaani PVC, ikiungua kwenye moto wa wazi huzaa dioksini. Sumu hiyo hushikamana na udongo kwa miaka mingi, na njia yake kubwa ya kumfikia mtu si kabichi bali ni mafuta ya wanyama. Kuku anayepekua udongo ule huihifadhi mwilini na kuipitisha kwenye mayai. Kwa hiyo palipochomwa plastiki kwa wingi, kuku wazuiwe hata kama hupandi kitu. Matairi huacha waya wa chuma, zinki nyingi na masizi yenye mafuta. Betri za gari huacha risasi. Majivu ya makaa ya mawe pia usiyahesabu sawa na ya kuni, kwani yanaweza kubeba aseniki na metali nyingine.

Sijui historia ya mahali hapa. Nifanyeje?

Chimba mashimo madogo manne au matano, moja katikati na mengine kuelekea pembezoni, kila moja la kina cha sentimita 30. Pitisha udongo kwenye chekecheke na uangalie kinachobaki. Msumari mmoja mmoja ni dalili ya mbao za ujenzi. Misumari mingi pamoja na bawaba na vitasa inaonyesha kuwa palichomwa mabaki ya nyumba, na palipo na nyumba pana rangi. Madonge meusi yenye matundu na yanayong'aa ni plastiki iliyoyeyuka. Waya mwembamba uliojikunjakunja ni wa tairi.

Tatizo ni kwamba aseniki na risasi hazionekani wala hazinuki. Ukiwa na shaka, peleka sampuli maabara na utamke wazi kwamba unataka metali nzito zipimwe: risasi, aseniki, kadimiamu, kromiamu, shaba na zinki. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakizihusishi, na wengi hurudi na karatasi nzuri ya potasiamu na fosforasi wakidhani wamethibitishiwa usalama. Peleka pia sampuli ya pili kutoka upande wa mbali wa kiwanja ambako hapajawahi kuchomwa kitu. Udongo usiochafuliwa kwa kawaida huwa na risasi ya miligramu 10 hadi 50 kwa kila kilo. Namba ya mahali pa biwi ikiwa imeipita mara kadhaa ile ya sampuli ya mbali, una jibu lako.

Vipimo vimeonyesha metali nzito. Je, bado naweza kupanda mboga?

Ushauri wangu ni kuhamisha tuta la mboga, hasa nyumbani mkiwa na watoto wadogo. Risasi nyingi humwingia mtu kwa vumbi na kwa udongo ulioshikamana na mikono, majani na mizizi, kuliko ile inayonyonywa na mmea wenyewe. Ndiyo maana mboga za majani na za mizizi ndizo za hatari zaidi, na zinazozaa juu, kama nyanya au pilipili, huwa na hatari ndogo. Lakini hatari ndogo si sababu ya kupalima kavu kila wiki na kupeperusha vumbi hadi mlangoni.

Mahali hapo pafunike kwa nyasi, maua ya kudumu au vichaka, na matandazo mazito yasiyoacha udongo wazi. Anayeng'ang'ania mboga anaweza kutandika kitambaa kigumu kinachopitisha maji, kisha kujenga juu yake tuta la kuinuliwa lenye udongo safi wa sentimita 30 au zaidi. Jambo moja la kuangalia: wapo wanaoshauri kuongeza mbolea ya fosfati ili kuifunga risasi. Kwa risasi husaidia, lakini fosfati hiyohiyo huiachia aseniki iliyokuwa imeshikwa na udongo. Kama palichomwa mbao zilizotiwa dawa, usifanye hivyo.

Moto ulizimwa juzi. Naweza kuanza kuchimba?

Hapana. Chini ya majivu makaa hukaa na moto kwa siku kadhaa, na mzizi mkubwa au kisiki kilichofukiwa kinaweza kufuka chini kwa chini kwa muda mrefu zaidi bila moshi kuonekana. Mwagia maji, koroga kwa koleo, mwagia tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na udongo, bila kuugusa, uone kama bado unatoa joto. Rudia kesho yake. Watoto wasikanyage hapo hadi uwe na hakika, maana majivu meupe yaliyotulia huficha makaa yaliyo chini yake.

Majivu si mbolea? Kwa nini niyaondoe?

Majivu ni mbolea kwa kiasi kidogo na ni tatizo kwa kiasi kikubwa. Watu wengi huharibu tuta hapa, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Majivu ya kuni kwa sehemu kubwa ni madini ya kalsiamu, yaani kazi yake kuu ni ya chokaa. Ndani yake mna potasiamu ya kutosha, kwa kawaida chini ya asilimia 10, fosforasi kidogo ya asilimia moja au mbili, magnesiamu, na chembe za boroni, manganizi na zinki. Kisichokuwemo ni naitrojeni: yote imeruka na moshi. Mtu anayetegemea majivu peke yake huwa analisha mimea yake potasiamu na chokaa huku ikifa njaa ya naitrojeni.

Majivu mapya yana pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, ya kati ya 10 na 13. Mboga nyingi hupenda udongo wa pH 6 hadi 7, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi. Udongo ukipanda kupita 7.5, chuma, manganizi, zinki na fosforasi vinakuwemo lakini mizizi haiwezi kuvichukua. Juu ya hayo kuna chumvi. Majivu mapya yana chumvi nyingi inayoyeyuka upesi, na mche mchanga ukizungukwa nayo huungua mizizi kabla haujatoa jani la tatu.

Sasa angalia hesabu. Kiasi kinachoshauriwa kwa bustani ya udongo wenye tindikali ni kama kilo 1 ya majivu makavu kwa mita 10 za mraba kwa mwaka. Biwi la mita 2 kwa 2 lina mita 4 za mraba, kwa hiyo stahili yake ni gramu 400, kiasi cha kopo dogo. Mahali palipochomewa matawi miaka nenda miaka rudi pana ndoo na ndoo. Hapo kazi si kuongeza kitu, ni kupunguza.

Nitoe kiasi gani, na nikiondoa nipeleke wapi?

Toa tabaka lote la kijivu na jeupe unaloweza kulikomba kwa koleo bila kuchukua udongo mwingi. Subiri siku isiyo na upepo, nyunyizia maji kidogo ili vumbi litulie, vaa glavu, miwani na kitambaa cha pua. Majivu yakilowana hutoa magadi makali yanayochoma ngozi na macho, kwa hiyo usiyashike kwa mikono mitupu hata kama umezoea.

Kama ni ya matawi na majani tu, yatandaze kidogo kidogo sehemu nyingine za bustani zenye udongo wa tindikali, kwa kipimo nilichotaja juu, au yahifadhi makavu kwenye pipa lenye kifuniko na uyatumie msimu kwa msimu. Mvua ikiyanyeshea, potasiamu ndiyo ya kwanza kwenda na maji. Kiganja kimoja kimoja kati ya matabaka ya mboji hakina neno. Usiyamwage mtoni, kisimani wala kwenye mfereji. Kama yana shaka ya sumu, yafunge kwenye mfuko na uyapeleke panapopokelewa taka za hatari. Kuyazika nyuma ya nyumba ni kumwachia tatizo atakayelima baada yako.

Na vipande vya makaa?

Hivyo viache, ilimradi vimetokana na mti safi. Makaa ya mti yana matundu madogo mno yanayoshika maji na virutubisho, na hukaa ardhini kwa karne bila kuoza. Udongo mweusi wa bonde la Amazon, uliotengenezwa na wakazi wa kale wa huko, una makaa mengi na hadi leo una rutuba kuliko ardhi inayouzunguka. Lakini huo haukuwa na makaa peke yake; ulikuwa pia na mabaki ya chakula, mifupa na samadi.

Vunja vipande vikubwa hadi vilingane na punje za mahindi au pungufu. Kisha viloweke kwenye maji ya samadi, au vichanganye na mboji kwa wiki kadhaa kabla ya kuvirudisha kwenye tuta. Makaa makavu na matupu hunyonya naitrojeni ya udongo na kuishikilia, na mazao ya msimu wa kwanza ndiyo huonja uchungu wake.

Kwa nini udongo wa chini umekuwa mwekundu na mgumu kiasi hiki?

Kwa sababu umechomwa kama tofali, na nasema hivyo kwa maana halisi. Udongo wenye mfinyanzi ukipata joto la nyuzi mia kadhaa hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake na haurudi kuwa laini, na chuma kilichomo hugeuka oksidi nyekundu. Kabla ya kufika hapo umeshapoteza vingi: kuanzia nyuzi 200 hivi mboji huanza kuungua na naitrojeni kuruka kama gesi, na joto likifika 450 hadi 500 mboji imekwisha karibu yote. Mboji ndiyo iliyokuwa ikishikanisha chembe za udongo zikawa tifutifu. Ikiondoka, chembe hulala zikabanana.

Habari njema ni kwamba udongo haupitishi joto kwa urahisi. Chini ya moto mfupi wa majani, joto la kuharibu huishia sentimita chache. Chini ya magogo yaliyofuka siku mbili tatu linaweza kushuka sentimita 10 au zaidi. Udongo uliokuwa na maji hauumii sana, kwa sababu haupiti nyuzi 100 hadi maji yake yaishe. Chimba shimo moja na uangalie rangi inapobadilika. Tabaka jekundu lenye unene wa vidole viwili si la kuhangaikia: livunjevunje na ulichanganye. Kama ni nene na limekuwa madonge yasiyovunjika kwa mkono, litoe uweke udongo mwingine. Madonge yenyewe ni mazuri kwa kutandika njia kati ya matuta.

Nikimwagia maji yanateleza na kukimbilia pembeni. Kuna nini?

Majani na matawi yakiungua hutoa mvuke wenye nta. Mvuke huo hushuka ardhini, hupoa, na kuzivika chembe za udongo utando unaokataa maji. Utando huo hujengeka zaidi udongo ukipata joto la kati ya nyuzi 175 na 280, na joto likipanda zaidi ya hapo huungua wenyewe. Ndiyo maana mara nyingi katikati ya biwi maji yanaingia lakini ukingoni yanateleza, au juu yanaingia na sentimita tano chini yanakwama.

Jipimie mwenyewe: kwangua juu, dondosha tone la maji kwenye udongo mkavu, hesabu. Likikaa zaidi ya sekunde 5 bila kunywewa, utando upo. Rudia kwenye kina tofauti. Dawa yake ni kuvunja tabaka hilo kwa jembe la meno, kuchanganya mboji, kumwagia maji kidogo kidogo kwa mara nyingi badala ya ndoo nzima kwa mpigo, na kufunika kwa matandazo ili udongo usikauke kabisa tena.

Nipime vipi pH?

Karatasi za kupimia zinatosha kukuonyesha hali ya jumla. Chukua udongo kutoka sehemu tano za tuta, kina cha sentimita 15, uchanganye, weka na maji yasiyo na madini kwa vipimo sawa, koroga, acha utulie, kisha chovya karatasi. Vijiti vya bei rahisi vya kuchomeka ardhini siviamini sana. Kuna pia njia ya jikoni: mwagia siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, kuna chokaa ya majivu kwa wingi. Usipotoa povu bado hujathibitisha kitu, kwa sababu pH inaweza kuwa juu bila povu.

Pima mara mbili: mara moja baada ya kukomba majivu, na tena miezi miwili au mitatu baada ya kuchanganya mboji. Namba ya pili ndiyo ya kufuata.

pH imetoka 8.5. Je, niweke salfa?

Si kwanza. Komba majivu yaliyobaki, lima kwa kina ili udongo wa chini usiochomwa upande juu na kuchanganyika, ongeza mboji nyingi, acha mvua zipite. Mara nyingi hatua hizo peke yake huiteremsha namba kwa kiasi cha kuridhisha, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye sentimita chache za juu tu.

Ikibaki juu ya 7.5 baada ya hapo, salfa ya unga inafaa, kwa masharti. Salfa haifanyi kazi yenyewe: bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza kuwa tindikali, na wanahitaji joto, unyevu na miezi kadhaa. Udongo uliochomwa una bakteria wachache, kwa hiyo mboji itangulie. Usizidishe gramu 100 kwa mita ya mraba kwa mara moja. Palipobaki chokaa nyingi, salfa itakuwa inapigana nayo bila kuisha, na koleo lingekuwa limemaliza kazi hiyo mapema. Siki kwenye udongo ni kazi bure, nguvu yake hupotea ndani ya siku chache.

Naweza kuweka urea au samadi mbichi ya kuku ili kurudisha naitrojeni?

Usiweke wakati majivu bado yapo. Alkali huigeuza amonia ya mbolea hizo kuwa gesi, ikapotea hewani, na harufu kali utakayoisikia ndiyo mbolea yako inayoondoka. Sheria hii ni hiyohiyo kwa mbolea zote zenye amonia. Tumia mboji iliyoiva au samadi iliyokaa.

Tuta lenyewe naliandaaje?

Ukishakomba majivu na kutoa vyuma, vioo na madonge, weka alama ya tuta na ulifanye pana kuliko doa la biwi lenyewe, nusu mita zaidi kila upande ikiwezekana. Udongo wa ukingo uko hai, na utauhitaji. Loanisha siku moja kabla. Vunja ardhi kwa jembe la meno hadi sentimita 20 au 30, ukivuta udongo wa ukingoni kuelekea katikati na wa katikati kuelekea ukingoni, ili pasibaki kisiwa cha udongo wa moto katikati ya udongo mzuri. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha huona duara la mimea iliyodumaa katikati ya tuta na kushangaa.

Tandaza mboji ya sentimita 5 hadi 10 na uichanganye na sentimita 15 za juu. Mwaka wa kwanza usibane mkono kwenye mboji. Hakuna kitu kingine unachoweza kununua au kutengeneza kinachofanya kazi zake zote kwa pamoja. Inazuia pH kuyumba, inashika maji, inaleta naitrojeni, inaleta viumbe. Kisha sawazisha, mwagilia hadi maji yashuke vizuri, funika kwa matandazo ya nyasi kavu au majani, na ulipe tuta mwezi mmoja wa kupumzika. Ardhi inayopitisha maji vizuri iongeze umwagiliaji wa nguvu mara mbili tatu katika kipindi hicho ili chumvi zishuke chini ya mizizi.

Je, udongo umekufa?

Umepungua uhai, haujafa. Kuvu nyingi za udongo hufa kwenye nyuzi 60 hadi 80, mbegu za magugu nazo huishia karibu na hapo, na baadhi ya bakteria huvumilia zaidi. Chini kidogo na pembeni maisha yanaendelea, na yanarudi. Hata viumbe wa kwanza kurudi wana upendeleo wa mahali palipoungua: usishangae kuona utando wa rangi ya machungwa juu ya udongo baada ya mvua, ambao ni kuvu wa jenasi Pyronema, au vikombe vidogo vya kahawia vya Geopyxis carbonaria. Baadaye huja kuvumwani wa Funaria hygrometrica anayejulikana kwa kuota palipochomwa. Hakuna hata mmoja anayedhuru mboga. Mimi huwafurahia wanapotokea, kwa sababu ni ushahidi kwamba kazi imeanza bila mimi.

Unaweza kuharakisha kwa kutia makoleo machache ya udongo kutoka chini ya mti wenye afya au kutoka tuta jingine linalozaa vizuri. Nyungunyungu usiwabebe. Watakuja wenyewe wakikuta unyevu, matandazo na pH inayowafaa. Wakiletwa kabla ya hapo hufa.

Kuna njia ya kujaribu kabla ya kupanda tuta zima?

Ipo, na ni bora kuliko kipimo chochote cha mkononi. Jaza makopo matatu kwa udongo wa biwi na matatu kwa udongo wa sehemu nyingine ya kiwanja. Panda maharage kwenye kila kopo, na figili au saladi kama unazo, kwani hizo huhisi chumvi mapema. Mwagilia sawasawa, weka pamoja. Baada ya wiki tatu linganisha. Kuota kwa kuchelewa na kingo za majani zilizoungua ni chumvi. Majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani ni pH ya juu. Mimea yote midogo na myepesi kwa rangi ni njaa ya naitrojeni. Zikilingana, panda. Jaribio hili halionyeshi risasi wala aseniki, mmea unaweza kustawi juu ya sumu.

Nipande nini msimu wa kwanza?

Kama una subira, panda kitu cha kuilisha ardhi kwanza: marejea, kunde au fiwi. Mikunde hutega naitrojeni, ambayo ndiyo hasa moto uliichukua, na mizizi yake hufungua udongo uliobanana. Kata inapoanza kutoa maua, iache ioze juu ya tuta. Ukichimbua mizizi na kukuta vinundu vyenye rangi ya waridi ndani, bakteria wako kazini. Vikiwa vyeupe au havipo, tia udongo kidogo kutoka shamba lililowahi kupandwa mikunde hiyohiyo.

Asiyeweza kungoja aanze na wanaovumilia alkali: kabichi na jamii yake yote, bitiruti, spinachi, vitunguu. Kabichi zina faida ya ziada hapa, maana ugonjwa wa kuvimba mizizi hupungua pH ikipita 7.2. Miche iliyokua kitaluni huvumilia kuliko mbegu zinazooteshwa papo hapo.

Viazi mviringo viache msimu huo, kwani kwenye udongo wenye alkali hupata ukurutu wa ngozi. Chai, nanasi, stroberi na maua ya azalea yanataka tindikali, kwa hiyo usiyapande hapo kwa miaka kadhaa. Mahindi ni mepesi kuonyesha upungufu wa zinki: michirizi myeupe kando ya mshipa wa kati wa majani machanga.

Majani yamekuwa ya njano. Niongeze mbolea?

Angalia kwanza ni majani gani. Ya chini, ya zamani, yakigeuka njano yote kwa pamoja, ni naitrojeni, na chai ya mboji (maji yaliyolowekwa mboji) au samadi iliyooza itasaidia. Ya juu, machanga, yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, ni chuma au manganizi vilivyofungwa na alkali. Kuongeza mbolea ardhini hakutasaidia, kwa sababu vimo tayari. Nyunyizia majani mbolea ya chuma inayoyeyuka kwenye maji ili kuiokoa mimea ya msimu huu, na rudi kwenye kazi ya kushusha pH.

Itachukua muda gani hadi pawe sawa na matuta mengine?

Doa lililochomwa mara moja kwa majani na matawi membamba: msimu mmoja. Mahali palipochomwa miaka mingi: mazao ya wastani mwaka wa kwanza, mazuri mwaka wa pili au wa tatu, ukiendelea kuongeza mboji. Kwenye misitu ambako magogo yalirundikwa na kuchomwa bila mtu kuyashughulikia madoa hayo, yamekaa wazi kwa miongo.

Siwezi tu kujenga tuta la kuinuliwa juu ya majivu?

Juu ya majivu yenyewe, hapana. Mizizi itayafikia na alkali itapanda na maji. Komba majivu, vunja ardhi, kisha inua. Ukifanya hivyo, hata sentimita 20 za udongo mpya zinatosha kwa mboga za majani.

Misumari na waya vinaendelea kujitokeza kila nikilima. Nivimalizeje?

Sumaku kubwa, ile ya spika mbovu au ya fundi, ifunge kwenye fimbo na uipitishe juu ya udongo uliolegea na ukavu kiasi. Ifunike kwa mfuko wa plastiki, ili vyuma vilivyonasa vianguke mara moja ukiuvuta mfuko. Pitisha kila unapofungua tuta kwa msimu mpya, kwa kuwa kila ulimaji hupandisha vingine. Vioo havishikwi na sumaku, kwa hiyo endelea kuvaa glavu, na palizi ya mkono waachie watu wazima hadi misimu miwili ipite bila kuona kipande.